Uteuzi wa majaji wa ngazi ya juu: tusiishie kuuliza nani kawateua, tuulize pia wanatarajia nini baada ya hapo

Mkazi wa Shangani, Mtwara (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Nilimsindikiza shangazi yangu wa Newala kuja kusikiliza rufaa yake Mahakama ya Rufani ilipokuwa na kikao hapa Mtwara. Shauri lake ni la shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilianzia Baraza la Kata, likapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likafika Mahakama Kuu, na siku hiyo lilikuwa mbele ya majaji watatu. Asubuhi tulisimama kwenye ubao wa matangazo, yeye amekumbatia mfuko wa rambo wenye nyaraka zake zote, mimi namsomea orodha ya mashauri. Nilipomwonyesha jina lake aliuliza, "Hawa watatu kawachagua nani?" Nikamwambia wameteuliwa na Rais. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza tena: "Na wakishateuliwa, wanamwogopa?"

Swali la kwanza tumelijadili humu mara nyingi. La pili ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa kuwa naamini ndilo lenye uzito zaidi.

Kwa utaratibu wetu, Ibara ya 118 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais mamlaka ya kumteua Jaji Mkuu, na Majaji wa Rufani anawateua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Bunge halina sauti hapo, wala hakuna usaili wa hadhara. Mwananchi anapata habari kwa taarifa ya Ikulu, na siku chache baadaye anaona picha za kuapishwa. Wengi wetu tukiona hivyo tunatazama Marekani, ambako Rais anapendekeza jina na Baraza la Seneti linalipigia kura baada ya kumhoji mhusika hadharani, na tunasema kwamba wenzetu wametuacha mbali. Mimi nimeisoma historia yao kwa miaka kadhaa na sioni kwamba kura ya Seneti ndiyo iliyowapa majaji huru.

Kura hiyo tangu mwanzo ilikuwa siasa. John Adams alishindwa uchaguzi wa mwaka 1800, na mapema mwaka 1801, akiwa amebakiza wiki chache madarakani, akamweka John Marshall kuwa Jaji Mkuu. Marshall akakaa miaka 34, muda uliotosha kuwazika kisiasa wote waliomshinda Adams. Hata idadi ya majaji haimo kwenye Katiba yao. Walianza na sita mwaka 1789, ikapanda na kushuka kwa sheria za Bunge, na ikatulia kwa majaji tisa kuanzia mwaka 1869. Franklin Roosevelt alijaribu kuivuruga mwaka 1937: mahakama ilikuwa imezibatilisha sheria zake za kufufua uchumi, naye akaomba ruhusa ya kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyevuka miaka 70 bila kustaafu, hadi majaji sita wapya. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa mno katika Seneti, na bado Seneti ikakataa.

Siku hizi kura zenyewe zinafuata mstari wa vyama. Antonin Scalia alipita kwa kura 98 kwa 0 mwaka 1986, na Ruth Bader Ginsburg, mwenye mtazamo ulio kinyume kabisa na wa Scalia, akapita kwa 96 kwa 3 mwaka 1993. Robert Bork, katikati ya hao wawili, aliangushwa mwaka 1987 kwa kura 58 dhidi ya 42. Scalia alipofariki Februari 2016, Rais Obama alimpendekeza Merrick Garland, na Seneti ya chama pinzani haikumpa hata kikao cha kumsikiliza, kwa hoja kwamba ni mwaka wa uchaguzi. Ginsburg alipofariki Septemba 2020, Seneti ya chama kilekile ilimthibitisha Amy Coney Barrett kwa kura 52 kwa 48, siku nane tu kabla ya uchaguzi. Mtu akiniambia tuchukue utaratibu huo tuulete Dodoma, namwomba kwanza anieleze jinsi tutakavyoepuka hayo.

Hata hivyo kuna tukio moja katika historia hiyohiyo linalonifanya niwaheshimu. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon alikataa kukabidhi kanda za mazungumzo ya ofisini kwake, zilizotakiwa kama ushahidi katika kashfa ya Watergate. Shauri likafika katika mahakama ambayo majaji wanne kati ya tisa aliwateua yeye. Mmoja, William Rehnquist, alijitoa kwa sababu aliwahi kufanya kazi katika Wizara ya Sheria ya serikali hiyo. Waliobaki wanane waliamua kwa sauti moja, tarehe 24 Julai, kwamba kanda zitolewe, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger, mteule wa Nixon mwenyewe. Haikufika wiki tatu Nixon akajiuzulu.

Burger hakuwa malaika. Lakini siku ile hapakuwa na chochote ambacho Nixon angeweza kumwongezea wala kumpunguzia: cheo alikuwa nacho, mshahara wake unalindwa na Katiba, na muda wake haukuwa na kikomo alichoweza kukisogeza mtu mwingine. Jaji akishakosa cha kutarajia kutoka kwa aliyemteua, shukrani peke yake haimfungi.

Sasa turudi nyumbani. Ibara ya 120 inamtaka Jaji wa Rufani astaafu akitimiza miaka 65, lakini inamruhusu Rais kumwongezea muda kwa manufaa ya umma. Mwaka 2017 tulikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, ndipo akathibitishwa kuwa Jaji Mkuu kamili. Jaji Mkuu huyohuyo, Profesa Ibrahim Juma, alipotimiza miaka 65 mwezi Juni 2023 aliongezewa muda, akaendelea hadi Juni 2025 alipoteuliwa Jaji George Masaju. Simtuhumu yeyote kati yao kwa lolote. Yote yalifanyika kwa vifungu vilivyopo. Hoja yangu ni kwamba mtu anayekaimu anasubiri, na aliye kwenye muda wa nyongeza ameupata kwa hiari ya mtu mmoja, na shangazi yangu ana haki ya kuwa na jaji asiyesubiri kitu.

Karibuni tujadili.

Kijana wa Kilwa Masoko

Kaka, nakubaliana nawe kuhusu Marekani, lakini umeuruka mlango. Nyumba yenye mlango mbovu haiokolewi na paa zuri. Kama anayeingia hakupimwa mbele ya watu, kumhakikishia muda wake ni kumhakikishia mtu tusiyemjua.

Majirani zetu Wakenya wametuonyesha njia isiyopitia Seneti. Januari 2011 Rais Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu mpya bila makubaliano na Waziri Mkuu Odinga, ilhali Katiba yao mpya ya mwaka 2010 ilikuwa imewataka washauriane. Mahakama Kuu ikasema utaratibu umekiukwa, jina likaondolewa, na Tume yao ya Huduma za Mahakama ikatangaza nafasi, ikapokea maombi na kuwasaili waombaji mbele ya kamera. Dk. Willy Mutunga aliulizwa hadharani hata kuhusu kipini cha sikioni mwake. Wapo waliokerwa na swali hilo, ila mimi nilijifunza kitu: kila aliyekuwa na shaka naye aliisikia shaka yake ikiulizwa na kujibiwa kabla mtu hajala kiapo.

Sisi Tume ya Utumishi wa Mahakama tunayo, lakini kwa Majaji wa Rufani Katiba haimwelekezi hata Rais ashauriane nayo. Anashauriana na Jaji Mkuu peke yake.

Mkazi wa Shangani, Mtwara (mleta uzi)

Mdogo wangu, hoja ya mlango naipokea, na niseme wazi kwamba usaili wa hadhara ningeupenda hata kesho. Lakini twende na Kenya hadi mwisho. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Aliyeongoza jopo hilo, David Maraga, aliteuliwa mwaka 2016 na Uhuru Kenyatta, yuleyule ambaye ushindi wake ulifutwa. Alipitia usaili, ni kweli. Ila soma pia masharti ya kazi yake: Jaji Mkuu wa Kenya anakaa kwa miaka isiyozidi 10, au hadi atimize 70, lolote litakalotangulia, na hakuna mwenye kalamu ya kumwongezea. Usaili uliwapa Wakenya jina la Maraga, lakini kilichompa uthabiti wa siku ile nadhani ni hayo masharti.

Na mlango wao nao ulikwama. Tume ilipeleka majina ya majaji zaidi ya 40 mwaka 2019, Rais akayashikilia karibu miaka miwili, kisha Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, ambao hawakuteuliwa hadi alipoingia Rais mwingine mwaka 2022. Fikiria miaka hiyo mitatu wale sita walivyokuwa wanaandika hukumu zao, wale waliokuwa tayari katika utumishi.

Mkulima wa Tandahimba

Ndugu zangu, mimi si mwanasheria. Nataka kujua tu, haya yananihusu vipi mimi ninayepeleka korosho ghalani? Na shangazi alishinda?

Mkazi wa Shangani, Mtwara (mleta uzi)

Alishindwa, ndugu yangu. Ila mmoja wa majaji alimwuliza swali yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, kuhusu mpaka wa shamba upande wa bondeni, akamwacha aeleze hadi akamaliza. Tukiwa kwenye basi la kurudi aliniambia, "Angalau wamenisikia." La korosho namwachia dada wa Mikindani, nimemwona yupo.

Binti Mikindani

Nipo, kaka. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, na niseme ninayoyaona kwenye majalada.

Ndugu wa Tandahimba, unakumbuka msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kuzisomba. Pale Serikali ilikuwa mnunuzi, na kati ya mnunuzi na muuzaji hutokea madai. Sasa zamani mtu alikuwa hawezi kuishtaki Serikali mpaka kwanza Serikali hiyohiyo impe ridhaa. Kifungu hicho kilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 katika shauri la Kukutia ole Pumbun. Leo unatoa notisi ya siku 90 na kufungua shauri, huombi ridhaa ya mtu. Miaka miwili kabla yake, katika shauri la Daudi Pete, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekitupa kifungu kilichowanyima dhamana watuhumiwa wa makosa fulani. Hapo ndipo jaji wa Rufani anapokuhusu, hata kama hutamwona maisha yako yote.

Na hapa nikuongezee, mleta uzi, jambo ambalo naona hukulitaja na ambalo ndilo kubwa kuliko yote mawili uliyoyataja. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60. Jaji wa Rufani, miaka 65. Kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu mwenye miaka 57 au 58 anajua kwamba ama atapandishwa na kupata miaka mitano zaidi, cheo kikubwa na maslahi makubwa, ama ataongezewa muda, ama atafungasha. Anayempandisha au kumwongezea ni Rais. Umezungumzia kaimu mmoja na nyongeza moja. Hili linawahusu majaji wote wa Mahakama Kuu kila mwaka, kimyakimya. Nawafahamu majaji ambao hukumu zao hazikutetereka hata chembe walipokaribia umri huo, na nawaheshimu sana, lakini sheria isitegemee ujasiri wa mtu.

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, mjadala wenu umenifurahisha, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu wa historia mtaniruhusu niwarudishe nyuma.

Nchi hii ilipopata uhuru Jaji Mkuu alikuwa Mwingereza, Sir Ralph Windham. Mwaka 1965 Mwalimu alimleta Telford Georges kutoka Trinidad, mtu mweusi wa Karibi, na jambo hilo kwetu vijana wa wakati ule lilikuwa na maana kubwa. Mtanzania wa kwanza, Augustine Saidi, alishika mwaka 1971. Rufaa zetu za juu wakati wote huo ziliamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo cha nchi tatu, ambacho hakuna Rais mmoja aliyekuwa na kauli juu yake peke yake. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mahakama ikavunjika nayo, na hii yetu ikaanza mwaka 1979. Watu wanaililia Jumuiya kwa sababu ya reli na ndege, lakini mimi nailia zaidi mahakama ile.

Francis Nyalali aliteuliwa mwaka 1977 akiwa na miaka 42 tu, enzi ya chama kimoja, na mtu mmoja aliyeshika hatamu zote. Kwa kanuni ya kijana wa Kilwa angekuwa kibaraka, maana hakupita mlango wowote wa hadhara. Akakaa miaka 23, chini ya Mwalimu, Mzee Mwinyi na Mzee Mkapa. Maamuzi mawili aliyoyataja binti wa Mikindani ni ya mahakama aliyoiongoza yeye. Mwaka 1991 alipewa tume ya kuuliza wananchi kuhusu vyama vingi. Waliohojiwa wengi walitaka chama kimoja kiendelee, na tume yake ikapendekeza vyama vingi. Alistaafu mwaka 2000 alipofika umri wake, na Mzee Mkapa, mwenzetu wa Lupaso, akamteua Barnabas Samatta. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi: miaka 23 inamfanya mtu asahau nani alimpa kazi.

Lakini nampinga kwenye nyongeza. Uzoefu wa jaji mwenye miaka 65 haununuliwi dukani. Kumkataza Rais asimwongezee ni kuutupa uzoefu huo wakati mashauri ni mengi na majaji hawatoshi.

Kijana wa Kilwa Masoko

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, Nyalali alikuwa Nyalali. Huwezi kujenga taasisi kwa kutegemea kwamba kila mteule atakuwa yeye. Na kuna mambo ambayo hata Nyalali asingeyagusa: Ibara ya 41 ibara ndogo ya saba inasema matokeo ya Rais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama yatakayoyachunguza. Unaweza kumpa jaji miaka 30, lakini kama shauri haliruhusiwi kuingia mlangoni mwake, uhuru wake atautumia wapi?

Mzee wa Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Hapo umenishika, nakubali.

Mkazi wa Shangani, Mtwara (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na habari ya mahakama ya nchi tatu sikuwahi kuitazama hivyo.

Kuhusu uzoefu, sitaki tuutupe. Kama miaka 65 ni michache, basi tuiandike 70 kwa wote, na Jaji wa Mahakama Kuu awe na umri uleule wa kustaafu na Jaji wa Rufani, ili hoja ya dada wa Mikindani ife kabisa. Jaji akifika 70 aende nyumbani, awe kipenzi cha Serikali au mwiba wake. Ninachokikataa ni nyongeza ya mtu mmojammoja. Nafasi ya Jaji Mkuu ikiwa wazi, mteule mpya apatikane ndani ya siku zilizotajwa, tuseme 60. Siku hizo zikipita, Jaji wa Rufani aliyetumikia muda mrefu kuliko wenzake ashike moja kwa moja bila kuhitaji barua. Tarehe ya mtu kustaafu inajulikana tangu siku anayoapishwa, kwa hiyo sioni dharura inayoweza kutushtua hapo, isipokuwa kifo.

Mwaka 2014, kwenye Katiba Inayopendekezwa, tuliona Mahakama ya Juu ikitajwa juu ya Mahakama ya Rufani. Mchakato ule ukirudi, watu watagombania majengo na vyeo vya mahakama hiyo. Naomba tuliomo humu tugombanie aya ya muda wa majaji.

Binti Mikindani

Bado kuna tundu moja, kaka. Jaji aliyestaafu akiwa na miaka 65, hata 70, bado ana nguvu. Anaweza kuteuliwa mwenyekiti wa tume, mjumbe wa bodi, au akaingia kwenye siasa. Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani, Mungu amrehemu, aliomba kupitishwa na CCM kugombea urais mwaka 2015, na alikuwa na haki hiyo kama raia yeyote. Simsemi vibaya, alikuwa mtu wa watu, na baada ya kustaafu aliongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Ila kwa kipimo chako mwenyewe, jaji anayeweza kuteuliwa tena baada ya kustaafu bado ana cha kutarajia.

Mkazi wa Shangani, Mtwara (mleta uzi)

Dada, hilo sikulifikiria, na ni kweli linanirudia mimi mwenyewe.

Ukimkataza jaji mstaafu asiteuliwe popote, unakosa watu kama Jaji Ramadhani kwenye tume zinazohitaji mtu asiyeyumba. Ukimruhusu mara moja, jaji wa miaka 63 atakuwa anaitazama bodi fulani huku anaandika hukumu. Ninaloliona kwa sasa ni miaka mitatu ya kukaa pembeni kwa nafasi zinazoteuliwa na Serikali, huku pensheni yake ikilipwa kwa ukamilifu ili asisukumwe na njaa. Sheria ya maslahi ya majaji ya mwaka 2007 tayari inatoa msingi wa pensheni hiyo. Nafasi za kimataifa, kama ile ya Arusha, ningeziacha nje ya katazo, japokuwa hata huko mtu hupendekezwa kwanza na Serikali ya nchi yake.

Miaka mitatu inatosha? Wewe unayewaona kwenye majalada kila siku ungeweka mingapi?

Binti Mikindani

Ningeweka mitano, sawa na muda wa Rais kati ya uchaguzi na uchaguzi, ili anayetoa nafasi asiwe na uhakika kwamba ni yule aliyekuwepo hukumu ilipoandikwa. Kesho tuna shauri saa tatu, nitarudi jioni nikiwa na maneno kamili ya Ibara ya 120, tuyapitie mstari kwa mstari.